Abdul-Rahman as-Sufi na Wingu Dogo la Mbinguni

Miongoni mwa wanavyuoni wa Kiislamu wapasao kukumbukwa ni Abdul-Rahman as-Sufi, bingwa wa elimu ya falaki. Alizaliwa Rayy, katika nchi ya Uajemi, mwaka 291 wa Hijra, yaani 903, akafanya kazi Isfahan katika baraza la mfalme Adud al-Dawla.

Zama zile kitabu kilichotegemewa katika elimu ya nyota kilikuwa cha Ptolemy wa Iskandaria, na wengi walikinakili pasipo kukihakiki. As-Sufi alikiheshimu, lakini hakuridhika kupokea tu. Alizitazama nyota moja moja, akaupima mng'ao wake kwa macho, akasahihisha palipokosewa. Kitabu chake kilikamilika yapata mwaka 964, nacho chaeleza makundi 48 ya nyota. Kila kundi limechorwa mara mbili: kama lionekanavyo kutoka ardhini, na kama lichorwavyo juu ya tufe.

Humo alitaja wingu dogo katika kundi la Andromeda. Hakujua ni kitu gani, wala hakujidai kujua, aliandika alichokiona. Alifariki mwaka 376 wa Hijra, yaani 986.

Miaka ikapita zaidi ya mia tisa. Mwaka 1912 Vesto Slipher, huko Arizona, Marekani, aliuchambua mwanga wa wingu lile, akakuta alama zake zimesogea upande wa buluu. Mfano wake ni honi ya gari: likija mlio huwa mwembamba, likienda huwa mzito. Vivyo hivyo mwanga wa kitu kijacho huelekea buluu, na wa kiendacho huelekea wekundu. Galaksi nyingi mno mwanga wake umeelekea wekundu, maana zinatuacha. Hii jirani yetu yaja, kwa mwendo wa kilomita 300 hivi kwa sekunde. Walakini tusihofu, kwani mwanga wake husafiri miaka milioni 2.5 hata kutufikia.

Nasi wa Rusizi twaweza kuliona wingu hilo. Mwezi wa Novemba, mvua ikikatika, baada ya sala ya Isha, mtu na ajitenge na taa, atazame kaskazini upande wa Ziwa Kivu.

Basi vijana wetu na wajifunze kwake: kuwaheshimu waliotangulia, kuhakiki kwa bidii, na kuandika kwa uaminifu hata lile wasilolifahamu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.