Mtu Aliyeyasikiliza Makosa ya Watoto

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo nilikuwa naitumia kwenye insha tu ili nijipatie alama. Sikuijua maana yake hadi nilipomsoma Jean Piaget. Ndugu msomaji, nitega sikio nikusimulie maisha ya mtu huyu, lakini kwanza acha nikiri kosa langu.

Mimi husoma shule ya kutwa, kwa hivyo kila jioni niko nyumbani na ndugu yangu mdogo wa miaka sita, aliye gredi ya kwanza. Jioni moja mama alitugawia uji sawasawa. Wangu aliutia katika glasi ndefu nyembamba, wake katika kikombe kipana. Kijana akaangua kilio, eti nimependelewa. Nikachukua kikombe kingine kama chake, nikamimina uji wangu humo aone. Akanyamaza. Nikaurudisha kwenye glasi mbele ya macho yake, akaanza kulia upya! Nikamwita mjinga na kumzaba kofi. Tangu siku hiyo hakuniletea tena daftari lake la hesabu. Akikosa, anafuta na kuficha.

Likizoni, binamu yangu anayesomea ualimu alinisikia nikisimulia kisa hicho huku nikicheka. Yeye hakucheka. Alinipa kitabu chake cha saikolojia, akanifungulia sura inayomhusu Piaget. Kumbe kilio cha ndugu yangu kilichunguzwa na wataalamu kabla hata mama yangu hajazaliwa!

Jean Piaget alizaliwa tarehe 9 Agosti 1896 katika mji wa Neuchâtel, nchini Uswisi. Baba yake, Arthur, alikuwa profesa wa fasihi ya kale ya Ulaya. Lakini Jean alipenda ndege na konokono. Akiwa na miaka kumi tu aliandika makala fupi kuhusu shomoro mwenye ualbino aliyemwona, nayo ikachapishwa katika jarida la huko mwaka wa 1907. Hebu fikiria! Mimi nikiwa na umri huo nilikuwa nikiwakimbiza ndege kwa manati.

Baadaye alimsaidia Paul Godet, mkurugenzi wa makumbusho ya viumbe mjini humo, kupanga makombe ya konokono. Mwaka wa 1918 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wa konokono na jamii yao. Naona kwamba konokono walimfunza subira, maana anayewachunguza hana budi kutazama sana kabla ya kusema lolote.

Mwaka wa 1919 alikwenda Paris, Ufaransa. Huko alipewa kazi na Théodore Simon, ambaye pamoja na Alfred Binet alikuwa ametunga mtihani wa kupima akili za watoto mwaka wa 1905. Kazi ya Piaget ilikuwa kuwapa watoto wa Paris maswali yaliyotungwa na Mwingereza Cyril Burt, kisha kuhesabu waliopata na waliokosa. Si unajua kazi ya tiki na mkasi inavyochosha? Lakini Piaget aligundua jambo. Watoto wa umri mmoja walikosa kwa namna moja, na wakubwa wao hawakukosa hivyo. Basi akaacha kuhesabu tiki, akaanza kuwauliza watoto wamefikaje kwenye jibu hilo. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Wengine waliona ukosefu wa akili, yeye aliona akili ya aina nyingine.

Mwaka wa 1921 Édouard Claparède alimwita Geneva, kwenye Taasisi ya Rousseau. Huko aliikuza mbinu yake, aliyoiazima kwa madaktari wanavyozungumza na wagonjwa. Alianza na swali moja, kisha akalifuata jibu la mtoto popote liendapo. Aliwauliza jua limetoka wapi, mawingu yanasukumwa na nini, na ndoto huja kutoka wapi. Ugumu wa mbinu hiyo ni kwamba mtafiti akiuliza vibaya, anamtia mtoto maneno mdomoni.

Aliketi hata kucheza gololi na watoto, zile bano zetu, akiwauliza kanuni za mchezo zimewekwa na nani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1932 kuhusu maadili ya watoto kuna kisa cha watoto wawili. Mmoja alifungua mlango akavunja vikombe 15 bila kujua vilikuwa nyuma yake. Wa pili alivunja kimoja tu akiiba jamu kabatini. Nani ana kosa kubwa? Wadogo wengi walimtaja wa vikombe 15, kwa kuwa hasara ni kubwa. Wakubwa walitazama nia.

Mwaka wa 1923 alimwoa Valentine Châtenay, wakajaliwa watoto watatu: Jacqueline mwaka wa 1925, Lucienne mwaka wa 1927 na Laurent mwaka wa 1931. Sasa mtoto mchanga utamhoji vipi? Ikabidi Piaget na mkewe watazame, wajaribu vitu vidogo vidogo, na kuandika. Alikificha kitu cha kuchezea chini ya kitambaa mtoto akiona. Kabla ya miezi minane hivi, mtoto hakukitafuta, kana kwamba kimekwisha kabisa duniani.

Kisha lile jaribio la uji wangu, ila yeye alitumia maji. Glasi mbili zinazofanana hutiwa maji sawa. Maji ya moja humiminwa katika glasi ndefu nyembamba. Mtoto wa chini ya miaka saba hivi husema kwamba sasa humo mna maji mengi zaidi. Anatazama urefu, anasahau upana.

Kutokana na kazi hiyo, Piaget aligawa ukuaji wa akili katika hatua nne. Tangu kuzaliwa hadi miaka 2 mtoto hujifunza kwa kushika na kutazama. Kuanzia 2 hadi 7 ana lugha na mchezo wa kuigiza, lakini hudanganywa na sura ya vitu. Kuanzia 7 hadi 11 hufikiri sawasawa kuhusu vitu anavyoviona. Baada ya hapo anaanza kuwaza hata yale yasiyoonekana, kama sisi na aljebra yetu, ingawa wengine bado tunasumbuka!

Je, alisema kweli yote? La. Watoto wachanga aliowachunguza walikuwa wachache, tena wa kwake mwenyewe. Mwaka wa 1974 huko Uingereza, James McGarrigle na Margaret Donaldson walipanga vitu katika safu mbili, kisha mwanasesere wa dubu akavuruga safu moja kama mtundu. Watoto wengi zaidi walijibu vizuri kuliko pale mtu mzima alipoivuruga safu mwenyewe. Yaani swali la mkubwa linaweza kumchanganya mtoto.

Hata hapa kwetu Kenya wamefika watafiti. Katika miaka ya 1970, Charles Super aliwachunguza watoto wachanga wa Wakipsigis kijijini Kokwet. Waliketi na kutembea mapema kuliko wale wa Marekani, kwa sababu mama zao waliwafunza makusudi. Basi umri peke yake hautoshi, malezi nayo yana sehemu yake.

Piaget alifariki Geneva tarehe 16 Septemba 1980, akiwa na miaka 84. Hatua zake zinabishaniwa hadi leo, lakini lile swali lake la kuuliza mtoto amefikaje hapo halijafa.

Nilijuaje? Nilirudia jaribio la uji nyumbani. Ndugu yangu alijibu vile vile, ila safari hii nilimuuliza kwa nini. Akaninyoshea glasi, akasema uji umepanda juu. Na kweli ulikuwa umepanda! Nilimwomba msamaha kwa lile kofi. Alinitazama tu.

Zikapita siku tatu, ndipo akaniletea daftari. Kulikuwa na hesabu ya 12 kutoa 5, naye ameandika 13. Zamani ningecheka. Nilimuuliza amefanyaje. Kumbe alishika kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, basi akatoa 2 kwenye 5, akapata 3, ile 1 akaiacha palepale. Tukachukua maharagwe 12 jikoni, tukayahesabu pamoja, tukaondoa 5. Alifuta ile 13 mwenyewe, na safari hii hakulificha daftari.