Msafiri Aliyerudisha Cheo

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Hata hivyo, wapo watembezi ambao hula pia jasho la watu wanaowakuta njiani. Huongozwa na wenyeji, hulala katika nyumba zao, hula chakula chao, kisha hurudi mjini wakaandika vitabu ambamo wenyeji hao hawatajwi hata kwa jina. Leo tumeonelea tuzungumzie maisha ya msafiri wa namna nyingine, Matsuura Takeshiro wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1818 na kufariki mwaka 1888. Jina lake ni maarufu hasa katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa nchi hiyo, na msomaji ataona sababu yake punde.

Matsuura alizaliwa katika kijiji cha Onoe, jimbo la Ise, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Matsusaka. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara iliyowapeleka mahujaji kwenye mahekalu makubwa ya Ise. Mwaka 1830, alipokuwa na umri wa miaka 12, mahujaji kwa mamilioni kutoka kila pembe ya Japani waliifuata njia hiyo. Mtoto aliyekulia mahali kama hapo hutambua mapema kwamba nchi ni kubwa kuliko kijiji chake. Mwaka 1833 alitoroka nyumbani akaenda Edo, mji ambao sasa huitwa Tokyo. Alirudishwa, lakini mwaka uliofuata akatoka tena. Alizunguka majimbo mengi kwa miguu, akafika hadi kisiwa cha Kyushu, na huko akawa mtawa wa Kibudha kwa miaka kadhaa. Ni huko Nagasaki aliposikia habari za Ezo, na kwamba Warusi walikuwa wakiinyemelea nchi hiyo. Aliazimia kwenda kuiona kwa macho yake.

Ezo ndilo jina la zamani la Hokkaido na visiwa vilivyo jirani. Wajapani wengi wa zama zile waliifahamu kwa uvumi tu. Wenyeji wake walikuwa Waainu, watu wenye lugha yao na desturi zao, walioishi kwa kuwinda, kuvua na kuchuma matunda ya msituni. Upande wa kusini ulitawaliwa na makabaila wa ukoo wa Matsumae. Kwa kuwa mpunga haukustawi katika baridi ile, kabaila hakuweza kuwalipa watumishi wake kwa mchele kama ilivyokuwa desturi ya nchi, bali aliwagawia haki ya kufanya biashara na Waainu katika sehemu mbalimbali za pwani. Baadaye haki hizo zilikodishwa kwa wafanyabiashara matajiri. Hao ndio waliowageuza Waainu kuwa vibarua wa kuvua samaki, na samaki hao wakasafirishwa kusini, wengine wakiwa mbolea ya mashamba. Ukoo wa Matsumae haukupenda wageni wapite huku na huko, na kwa hakika mwenye kuficha dhulma huogopa macho ya mpita njia.

Matsuura aliingia Ezo kwa mara ya kwanza mwaka 1845. Alirudi mwaka 1846, safari hii akijifanya mtumishi wa tabibu, na akafika mpaka kisiwa cha Sakhalin. Mwaka 1849 alivuka kwenda visiwa vya Kunashiri na Etorofu. Safari hizo tatu alizifanya kwa hiari yake mwenyewe. Nyingine tatu, za mwaka 1856, 1857 na 1858, alizifanya akiwa ameajiriwa na serikali ya Shogun, iliyokuwa imeichukua Ezo chini yake. Katika safari zote hizo waliomwonyesha njia walikuwa Waainu. Walimvusha mito kwa mitumbwi yao na kumlaza katika vibanda vyao, na jioni alijifunza lugha yao kando ya moto. Naye alikuwa na daftari daima. Aliandika jina la kila kijito na kila kilima kama wenyeji walivyolitamka, akaandika pia majina ya watu waliomwongoza na ya familia alizozikuta.

Hapo ndipo alipoyaona yaliyofichwa. Huko Shari, pwani ya mashariki, alikuta vijiji vilivyobaki na wazee, wagonjwa na watoto. Vijana wa kiume na wa kike walikuwa wamechukuliwa kwenda Kunashiri kufanya kazi ya uvuvi. Waume walitenganishwa na wake zao, na wasimamizi wa wafanyabiashara waliwatwaa wanawake kwa nguvu. Maradhi kama ndui nayo yaliwaangamiza wengi. Matsuura alilinganisha hesabu za watu za zamani na zile alizozikuta, akaona kwamba vijiji vilikuwa vikipukutika. Aliyaandika hayo yote waziwazi katika taarifa zake kwa wakubwa waliomtuma.

Ramani yake kubwa ya Ezo ilitolewa mwaka 1859, ikiwa na majina ya mahali yapatayo 9,800 ya Kiainu. Serikali iliipokea, maana ramani ina faida kwa kila mtawala. Lakini alipoandika kitabu cha maisha ya Waainu mmoja mmoja, kikieleza wema wao, ushujaa wao na mateso yao, hakupewa ruhusa ya kukichapisha. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1912, yeye akiwa kaburini. Tunaomba msomaji alizingatie jambo hili. Milima na mito ya Ezo ilikubaliwa kuchapishwa, lakini watu wake walikataliwa.

Utawala wa Shogun ulianguka mwaka 1868. Serikali mpya ya Mfalme Meiji ilihitaji mtu aliyeijua Ezo, na mwaka 1869 ikampa Matsuura cheo kikubwa katika idara ya kuiendeleza nchi hiyo, pamoja na daraja la heshima. Aliombwa kupendekeza jina jipya. Miongoni mwa majina sita aliyoyatoa lilikuwamo Hokkaido, na katikati yake aliweka herufi za neno kai. Mzee mmoja wa Kiainu, kando ya mto Teshio, alikuwa amemfahamisha mwaka 1857 kwamba neno hilo humaanisha mtu aliyezaliwa katika nchi hii. Serikali ililichukua jina, ila ilibadilisha herufi zake, na maana ikawa njia ya bahari ya kaskazini. Sauti ilibaki, lakini mwenyeji akaondolewa.

Matsuura alitaka pia mfumo wa kuwakodishia wafanyabiashara pwani ufutwe. Ulifutwa kwa maneno tu mwaka 1869, kwani wafanyabiashara walewale waliendelea na shughuli zao kwa jina jingine. Alipoona hivyo, alijiuzulu mwaka 1870 na kulirudisha daraja lake la heshima. Hakukanyaga tena Hokkaido maisha yake yote.

Miaka iliyobaki aliitumia katika safari za sehemu nyingine za Japani. Akiwa na umri wa karibu miaka 70 alipanda milima ya Odaigahara, iliyokuwa haijulikani sana, mara tatu kati ya mwaka 1885 na 1887, na akagharamia ufyekaji wa njia. Katika nyumba yake mjini Tokyo alijenga chumba cha upana wa mkeka mmoja, kwa vipande 91 vya mbao za majengo ya kale alivyopelekewa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Chumba hicho kingalipo. Mtu aliyeitembea nchi nzima alitosheka na mahali pa kulaza ubavu wake.

Haitakuwa insafu kumsifu bila kueleza upande wa pili. Ramani aliyoichora kwa msaada wa Waainu iliwarahisishia njia walowezi waliokuja kuitwaa ardhi yao. Sheria ya mwaka 1899 iliyodaiwa kuwalinda ililenga kuwafanya wasahau lugha na desturi zao, na haikufutwa hadi mwaka 1997. Ni mwaka 2019 tu ambapo sheria ya Japani iliwatambua kuwa wenyeji wa asili. Kujiuzulu kwa mtu mmoja hakukuzuia lolote kati ya hayo.

Pamoja na hayo, tunathubutu kusema kwamba kitendo chake hakikupotea bure. Majina aliyoyaandika yamebaki kuwa ushahidi kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe, na taarifa zake zinasomwa hadi leo na wote wanaotaka kuujua ukweli, wakiwamo wajukuu wa wale waliomvusha mito. Mtu anayetumwa kwenda pembezoni mwa nchi hukabidhiwa amana mbili, moja na waliomtuma na nyingine na waliompokea. Siku amana hizo zitakapogongana ndipo itakapojulikana alikwenda huko kwa ajili ya nani. Matsuura alipofikwa na siku hiyo, alirudisha cheo.