Ngamia wa Muzaina na hukumu ya Sayyidna Umar

Wiki iliyopita mtaani kwetu kijana alikamatwa na kuku wa wizi, akapigwa mpaka akazimia. Nilikuwapo na sikutia neno. Tangu siku hiyo namfikiria Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, ambaye sisi twapenda kumtaja kwa ukali wake tu.

Ukali alikuwa nao, kweli. Hata marehemu babake, aliyemchungisha ngamia utotoni huko Makka, alikuwa mkali. Lakini katika ukhalifa wake, mwaka 634 hadi alipouawa 644, ulipoingia ukame mkubwa uitwao Mwaka wa Majivu, aliisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi. Yeye mwenyewe akajinyima samli hadi watu wapate nafuu.

Kisa kinachonikaa moyoni ni cha watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a. Waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja, wakakiri. Umar akaamuru wakatwe. Kisha akasita, akamgeukia bwana wao, akamwambia kuwa anaona anawalaza njaa. Mwenye ngamia akaulizwa bei: dirhamu 400. Hatib akatozwa 800, mikono ikasalimika.

Yule kijana wetu, nimekuja kuambiwa baadaye, alikuwa akibeba mizigo kwa tajiri mmoja hapa hapa, na ujira wa miezi mitatu hajalipwa. Tajiri mwenyewe alikuwa pale uwanjani, fimbo mkononi.