Makhan Singh: Alifungwa kwa Ajili ya Mfanyakazi

Ukipita Kericho mjini utaliona hekalu kubwa la Masingasinga, wale tunaowaita Makalasinga. Wengi wetu tunalipita tu. Leo nataka tumjue Singasinga mmoja. Hakuwa wa Kericho, aliishi Nairobi, lakini historia yake inamgusa kila anayechuma chai hapa kwetu.

Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 huko Punjab, katika kijiji ambacho leo kiko Pakistan. Alifika Nairobi mwaka 1927 akiwa na miaka 13. Babake alikuwa seremala, baadaye akafungua kiwanda cha uchapishaji, na kijana akafanya kazi humo.

Zama hizo za mkoloni mshahara ulifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa, tena na kipande shingoni. Mwaka 1935 Makhan alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Hakuridhika nacho. Kikageuzwa kuwa chama cha kila mfanyakazi, bila kujali rangi wala dini. Mwaka 1937 waligoma Nairobi karibu miezi miwili mpaka wakaongezwa mishahara.

Mei 1, 1949, yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama vya wafanyakazi vikawa kitu kimoja. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki hadharani. Mwezi uliofuata akakamatwa pamoja na Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Serikali ikampeleka Lokitaung, kule Turkana, halafu Maralal na Dol Dol. Aliachiliwa Oktoba 1961, baada ya miaka kumi na moja na nusu. Mzee Kenyatta mwenyewe alikaa karibu miaka tisa.

Uhuru ulipokuja hakupewa cheo. Alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, kitabu kikatoka mwaka 1969. Alifariki Nairobi Mei 1973.

Sasa utauliza, Kalasinga anatafuta nini kwenye jarida la Ramadhani? Kumbuka tuliyosoma madrasa kuhusu Hilful Fudhul. Mfanyabiashara wa Yemen alinyimwa malipo ya bidhaa zake pale Makka. Makuraishi wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kumsimamia kila aliyedhulumiwa. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwepo, kabla hajapewa utume, na hata baadaye aliusifu mkataba ule, ingawa waliouweka hawakuwa Waislamu. Haki ni haki, popote inapotoka.

Mimi mwenyewe nina la kujuta. Kwetu tuna shamba dogo la chai. Ramadhani moja wachumaji walikuja kudai pesa zao, sisi tuko mezani tunafuturu. Tukawaambia warudi wiki ijayo. Tuliendelea kula sambusa, na wao wakateremka mlima mikono mitupu. Siku ile sikuona ubaya. Niliposoma maisha ya Makhan Singh ndipo niliona haya.

Basi vijana, kabla ya kununua nguo za Idd, tuulizane nyumbani: dada wa kazi amelipwa? Mlinzi je? Na yule anayetuchumia chai, kilo zake tumezihesabu sawa? Saumu haimlipii mtu deni la mwenzake.

Ramadhani Karim.