Beryl Markham, Mwanamke wa Ndege

Siku moja darasani tuliulizwa tunataka kuwa nani tukimaliza shule. Mimi nikasema nataka kuwa afisa wa Jeshi la Wanahewa, yule anayepanga mizigo na mafuta ya ndege. Lo! Wenzangu walicheka, wakaniita makanga wa ndege. Nilinyamaza tu. Mama yangu hununua mahindi hapa Kitale na kuyauza Bungoma, nami ndiye humhesabia magunia na nauli. Najua vile mzigo usipopangwa vizuri safari huharibika.

Basi leo nawaletea maisha ya Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Mamake alirudi kwao, babake akamlea shambani Njoro. Alicheza na watoto wa Kiafrika na kuongea Kiswahili. Alipokuwa msichana alifundisha farasi wa mashindano. Baadaye rubani Tom Campbell Black alimfundisha kuendesha ndege, na mwaka wa 1933 akapata leseni ya kuifanya kazi hiyo kwa malipo. Alibeba barua, abiria na vifaa hadi mahali ambapo barabara zilikuwa mbaya sana.

Mnamo Septemba 1936 aliondoka Uingereza peke yake kuvuka bahari ya Atlantiki. Ndege ilikuwa imeongezwa matangi ya mafuta. Aliruka zaidi ya saa 20, usiku na mchana. Alipofika Kanada, barafu ilizuia mafuta, injini ikazima. Alitua kwenye matope, ndege ikachomeka pua, yeye akaumia kichwa. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Alifariki Nairobi mwaka wa 1986.

Jambo moja huniuma. Wakati huo wa ukoloni, wasichana Waafrika aliokua nao hawangepewa ndege hata wangekuwa hodari namna gani. Mlango wetu ulichelewa kufunguliwa. Lakini mwaka wa 2018 Fatuma Ahmed wa Jeshi la Wanahewa alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa Meja Jenerali, akasimamia wanajeshi na ugavi. Mwaka wa 2024 akawa kamanda wa jeshi hilo.

Kwa hivyo wenzangu, niiteni makanga mkitaka. Hesabu nitaendelea kufanya. Haba na haba hujaza kibaba.