Kabaka Mwanga na Majina ya Wageni

Huenda wanafunzi wengi wa Dundori hawafahamu kwamba hadi mwaka 1902 Waingereza waliihesabu nchi ya Nakuru na Naivasha kuwa sehemu ya Uganda. Kwa hiyo maisha ya Kabaka Mwanga wa Pili si habari za jirani tu, yanatuhusu.

Mwanga alirithi kiti cha Buganda mwaka 1884, baada ya babake, Mutesa wa Kwanza, kufariki. Hakuwa ametimiza hata miaka ishirini. Barazani alikuta Waislamu waliofundishwa na wafanyabiashara wa Pwani, Waprotestanti wa wamishonari Waingereza, Wakatoliki wa mapadre Wafaransa, na wafuasi wa dini ya jadi. Alipoona vijana wa ikulu yake wanamtii bwana mwingine kuliko yeye, aliamua kuwaua. Mwaka 1886 Wakristo walichomwa moto huko Namugongo. Kosa hilo halina utetezi.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumpindua, kisha wakageukiana wenyewe. Wakristo ndio waliomrudisha, na kufikia mwaka 1890 alikuwa amekalia kiti tena. Lakini sasa alikuwa mateka wa waliomrejesha.

Hapa lugha yatufunza jambo. Waganda waliwaita Waprotestanti Waingereza, na Wakatoliki wakawaita Wafaransa, ingawa wote walizaliwa Buganda. Dini ilikuwa imegeuka chama, na kila chama kilikuwa na mlezi wake ng'ambo. Mgeni hakuhitaji kuvunja mlango. Alifunguliwa na wenyeji.

Kapteni Lugard aliwasili Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, akamtia Mwanga katika mkataba. Vita vilipozuka Mengo Januari 1892, Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, nao wakashinda. Machifu wakagawanywa kwa dini, Wakatoliki wakapewa Buddu. Mwaka 1894 nchi ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Julai 1897 Mwanga aliasi, akashindwa. Mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akatawazwa mahali pake. Baadaye Mwanga aliungana na Kabalega wa Bunyoro, ambaye ufalme wake ulikuwa hasimu wa Buganda tangu zamani. Muungano huo ulichelewa mno. Walikamatwa pamoja Aprili 1899, wakahamishiwa Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi.

Walimu wengine humfundisha Mwanga kama muuaji tu, wengine kama shujaa tu. Alikuwa yote mawili, na wanafunzi wanastahili kuelezwa hivyo. Mfalme aliyewanyima raia uhuru wa dhamiri hakuwa na raia wa kuutetea uhuru wake, na raia waliomkimbilia mgeni awaamulie ugomvi walimwachia mgeni huyo nchi yao.