Themistocles Gluck

Themistocles Gluck (30 Novemba 1853 – 25 Aprili 1942) alikuwa daktari mpasuaji wa Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa kuwa wa kwanza kumwekea mgonjwa goti zima la bandia, lililotengenezwa kwa pembe za ndovu.

Maisha

Alizaliwa mjini Iași, Moldavia (leo nchini Romania), akiwa mtoto wa daktari. Alisomea tiba nchini Ujerumani, na mjini Berlin alifundishwa upasuaji na Bernhard von Langenbeck. Baadaye alikuwa mpasuaji katika hospitali ya watoto mjini humo.

Kazi

Gluck alitafuta nyenzo za kujaza sehemu ya mwili iliyopotea bila mwili kuzikataa. Alijaribu kuunganisha neva iliyokatika kwa mrija wa mfupa, na kano kwa nyuzi za hariri au za utumbo wa mnyama, ili tishu mpya ikue kwa kuzifuata.

Kwa viungo alichagua pembe za ndovu. Kama mfupa, pembe ina madini ya kalisi na fosfati yaliyoshikamana na protini iitwayo kolajeni. Tarehe 20 Mei 1890 alimwekea msichana wa miaka 17 goti la pembe lenye bawaba. Viungo vingine vilifuata. Ili kuvikaza alibuni saruji ya utomvu wa msonobari, unga wa jiwe pumisi na plasta ya Paris.

Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Lakini viungo vyao vilikuwa vimeharibiwa na kifua kikuu. Vijidudu vilibaki mfupani, usaha ukatoka, na baadhi ya viungo bandia vikaondolewa. Ernst von Bergmann, mpasuaji mkuu mjini Berlin, alimzuia kuonesha kazi hiyo mbele ya mkutano wa kimataifa wa tiba wa mwaka 1890, kwa kuhofia aibu kwa upasuaji wa Kijerumani. Gluck mwenyewe alikubali kwamba wagonjwa wa kifua kikuu hawakufaa kwa tiba hiyo.

Urithi

Leo uhandisi wa tishu hutumia kolajeni na kauri za kalisi fosfati kutengeneza viunzi vyenye vitundu, ambamo seli huingia na kujenga mfupa mpya. Tofauti na pembe ya Gluck, iliyokusudiwa kubaki mwilini, viunzi vingi huyeyuka polepole. Hata hivyo sharti lake limebaki: nyenzo isiudhuru mwili, na mahali inapowekwa pasiwe na vijidudu.